Karata ya Kwanza Mezani: Namna ya Kuchagua pa Kuanzia Dhidi ya Mkataba wa Turufu

Mnada umekwisha. Jirani yako wa kulia ametwaa mkataba wa shupaza 4, na watu watatu wanakungoja wewe. Karata za bubu bado zimefichwa, na hujaona kitu isipokuwa zako 13. Hiyo utakayoshusha ndiyo karata pekee ya briji inayochezwa gizani, na mara nyingi mkataba hufa au hupona hapo hapo.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaojifunza, nami nimelifanya kwa miaka, ni kuchagua karata kabla ya kuchagua mpango. Mtu anatazama mkono wake, anaona karata iko pweke, yaani ndiyo pekee ya rangi yake, vidole vinamwasha, anaishusha. Baadaye ndipo anatafuta sababu. Katika mwongozo huu karata yenyewe tunaifikia karibu na mwisho.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Fungu ni karata nne zinazoshushwa kwa zamu, na mwenye kubwa ndiye anayelila. Mnada ni zamu za kutaja ahadi kabla ya mchezo, na mkataba ni ahadi ya mwisho: shupaza 4 ni kula mafungu 10, yaani 6 na 4 juu yake, shupaza zikiwa turufu. Mwenye mkataba ndiye anayecheza. Mwenzake anafunua karata zake mezani na kunyamaza, ndiyo maana namwita bubu. Kukata ni kushusha turufu pale ambapo rangi iliyoanzwa huna. Nikisema rangi nakusudia kopa, uru, pau na shupaza, si nyekundu na nyeusi. Karata kubwa nitaziandika R kwa ree, M kwa mfalme, B kwa bibi na G kwa ghulamu. Aliyekulia karata za barazani hatapata taabu hapa: majina ya rangi hizo nne tuliyapata kwa Wareno, na turufu yenyewe ilikuja kwa jahazi lilo hilo.

Hatua ya 1: Rudia mnada kichwani

Usiguse karata. Rudia mnada tangu mwanzo, nani kasema nini na nani kanyamaza. Tangu Harold Vanderbilt alipotengeneza hesabu mpya ya mchezo huu mwaka 1925, mafungu usiyoyataja mnadani hayakufikishi kwenye gemu, yaani kiwango chenye zawadi kubwa kama shupaza 4, hata ukiyala. Kwa hiyo wapinzani wako wanalazimika kuelezana walicho nacho, kwa sauti, nawe umekaa pale pale unasikia. Ni siri inayosemwa sokoni.

Jiulize mambo mawili. La kwanza, wana nguvu kiasi gani? Pointi za karata zote ni 40: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Waliofika gemu ya kopa au shupaza kwa mnada wa hatua kwa hatua huwa na 25 au 26 hivi. Ongeza zako, kinachobaki ni cha mwenzako. Ukiwa na 11, mwenzako ana 3 au 4, na ndoto zote za "labda ana bibi, labda ana ree" ziweke kando. Ukiwa na 3, mwenzako ana 11 au 12, na kazi yako ni kumtumikia yeye. Mkono ule ule unaoutazama kwa huzuni, wa pointi tatu, ndio mkono mzuri wa kuanza na karata pweke, kwa sababu mwenzako atakuwa na njia ya kuingia, yaani kula fungu na kuanza linalofuata, na kukupa ukate.

Hesabu hii haifai pale mmoja wao aliporuka juu ghafla, kwa mfano shupaza 1 kisha mwenzake moja kwa moja shupaza 4. Hapo kwa kawaida wana turufu nyingi na pointi chache, na mwenzako anaweza kuwa na kingi kuliko unavyodhani.

La pili, mafungu yao 10 yatatoka wapi? Kwa kawaida majibu ni matatu. Bubu au mwenye mkataba ametaja rangi ndefu ya pembeni, na juu ya rangi hiyo atatupa karata zake mbovu. Au bubu ana upungufu wa rangi fulani, na mwenye mkataba atakata mezani. Au hawana lolote la ajabu, wamekusanya pointi zao na kuomba Mungu. Kila jibu lina dawa yake.

Hatua ya 2: Chagua mpango

Kushambulia

Wakiwa na rangi ndefu inayowakalia vizuri, wakati ni adui yako. Mafungu yenu lazima myafungue kabla mwenye mkataba hajazitupa karata mbovu juu ya rangi ile. Hapo unaanza kutoka rangi ambayo hawakuitaja, hata kama kuanza huko kunakutia hofu.

Hebu tukae kidogo na mfano mmoja. Wewe ni Magharibi, na una mkono huu:

Shupaza 7 3
Kopa 10 9 8 3
Uru 8 4 2
Pau M G 6 2

Kusini alifungua kwa shupaza 1, Kaskazini akajibu uru 2, Kusini akarudia shupaza 2. Kaskazini akataja 4 bila turufu, ambalo ni swali la Easley Blackwood la kuhesabu ree, akajibiwa uru 5, yaani ree moja. Kaskazini akasema shupaza 6, na wote wakapita.

Mkono ule unakuita uanze kopa 10. Ni salama, imefuatana na 9 na 8, haimpi mtu kitu. Sasa rudia mnada. Kaskazini amesikia ree moja, akasimama kwenye 6. Mtu anayejua ree zote nne ziko kwao angeifikiria 7. Basi karibu hakika wanakosa moja. Wewe huna ree hata moja, kwa hiyo iko kwa mwenzako. Mkataba wa 6 unavunjika kwa mafungu mawili: moja ni ree ya mwenzako, na la pili inabidi mlitafute. Tena Kaskazini ametaja uru, na uru zako ni takataka tatu, maana yake uru zao zitatiririka. Ukianza kopa, Kusini atakula, atatoa turufu, na karata zake mbovu za pau zitapotelea juu ya uru za bubu.

Kwa hiyo unaanza pau 2. Kutoka chini ya mfalme na ghulamu, ndiyo. Karata zote zilikuwa hivi:

Kaskazini (bubu): Shupaza M 9 4, Kopa R 5, Uru R M B 10 6, Pau 9 7 4
Mashariki (mwenzako): Shupaza R 5 2, Kopa G 7 6 4 2, Uru 9 7, Pau B 8 3
Kusini: Shupaza B G 10 8 6, Kopa M B, Uru G 5 3, Pau R 10 5

Bibi wa mwenzako anaitoa ree ya Kusini. Akicheza turufu, mwenzako anakula kwa ree na kurudisha pau: mkataba umevunjika. Akijaribu kukimbilia uru kwanza ili atupe pau, ile ya tatu mwenzako anaikata kwa turufu ndogo, kabla Kusini hajapata nafasi ya kutupa hata moja. Sasa rudi uanze ile kopa 10 iliyo salama. Kusini anakula, anacheza turufu, mwenzako anachukua ree na kurudisha pau. Umechelewa. Kusini anakula kwa ree ya pau, anamaliza turufu zenu, anacheza uru tano, na pau zake mbili zilizobaki anazitupa. Mafungu 12, mkataba mzima.

Dhidi ya mkataba wa 6 nashambulia kuliko dhidi ya mkataba wowote mwingine. Dhidi ya 7 nageuka kabisa: wao wanahitaji mafungu yote, kwa hiyo sitaki kuwapa hata nusu ya zawadi, naanza karata isiyo na madhara, mara nyingi turufu.

Kutulia

Mnada mwingine ni huu: shupaza 1, shupaza 2, shupaza 3, shupaza 4. Hawa wanapapasa. Mmoja ameuliza "una kidogo zaidi?", mwenzake akasema "ninacho, tena kidogo." Hakuna rangi ya pembeni iliyotajwa. Wana pointi 24 au 25, na mwenye mkataba atalazimika kuhangaika kila rangi. Kila rangi utakayomfungulia unamwondolea shida moja.

Shupaza 8 6 4
Kopa M 10 5 2
Uru R G 7
Pau 9 8 4

Kopa ziache. Uru ziache kabisa. Mafungu yako katika rangi hizo yatakuja yenyewe mwenye mkataba akilazimika kuzigusa. Hapa naanza pau 9, na mtu akiniambia angeanza turufu sitagombana naye. Uzuri wa mpango wa kutulia ni kwamba hautafuti sifa. Mwenzako hatakupongeza, na mwenye mkataba atakosa fungu moja bila hata kujua ni nani aliyemnyima.

Kutulia ni sawa pia pale bubu alipotaja rangi ndefu lakini wewe umeishikilia, tuseme una B G 10 8 katika rangi hiyo hiyo. Wao wanaitegemea, wewe unajua imekwama.

Kuanza na karata pweke

Huu ndio mpango unaopendwa kuliko yote, na unaoharibiwa kuliko yote. Unaanza na karata pweke ya rangi fulani, mwenzako anaingia, anairudisha, unakata kwa turufu ndogo ambayo isingekufaa kitu. Ili ufanye kazi, mambo matatu yakutane: turufu zako ndogo ziwe hazina kazi nyingine, mwenzako awe na njia ya kuingia, na ikiwezekana wewe uwe na kizuizi katika turufu ili mwenye mkataba asiweze kuzimaliza haraka.

Shupaza R 7 3
Kopa 4
Uru G 8 6 5 2
Pau 10 9 6 3

Dhidi ya shupaza 4, mkono huu ni zawadi. Una pointi 5, mwenzako ana kama 10. Kopa 4 bila kufikiri mara mbili. Ikiwa mwenzako ana ree ya kopa, unakata fungu la pili palepale. Ikiwa hana, mwenye mkataba atacheza turufu, utakula kwa ree, na una nafasi ya kumtafuta mwenzako katika uru au pau huku turufu mbili ndogo zingali mkononi.

Badilisha turufu zako ziwe B G 10, na karata pweke inapoteza maana. Turufu hizo zinakula fungu lake hata usipofanya kitu. Ukizikatia unajibadilishia shilingi kwa shilingi. Au jipe pointi 13 pamoja na karata pweke: mwenzako atakuwa mtupu, hataingia kamwe, na karata yako ya pweke itakuwa imemsaidia mwenye mkataba kuona nani ana nini. Karata pweke iliyo mfalme au bibi iache ilale. Inaweza kula fungu, au kumfanya mwenye mkataba akisie vibaya, mradi usimtolee mwenyewe.

Kumchosha turufu

Ukiwa na turufu nne mkononi, hesabu inageuka, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa kuifuata karata pweke.

Shupaza R 8 6 3
Kopa 5
Uru M B 10 7 4
Pau 9 6 2

Mkataba ni shupaza 4, na mwenye mkataba huenda ana turufu tano mkononi mwake. Kopa 5 inakukonyeza. Usimtazame. Anza mfalme wa uru, na kila ukipata mkono rudi na uru. Mwenye mkataba akikata mara ya kwanza anabaki na nne, sawa na wewe. Akikata mara ya pili ana tatu, na wewe bado una nne. Kuanzia hapo wewe ndiye bwana wa turufu, na yeye hajui mchezo umemponyoka wapi. Kukata kwako kungekupunguzia turufu, yaani ungekuwa unajichosha mwenyewe.

Kuanza na turufu

Wazee wa mchezo wana msemo kwamba ukiwa na shaka, anza turufu. Siukubali. Ukiwa na shaka, rudia mnada. Lakini kuna nyakati ambapo turufu ndiyo karata pekee yenye akili.

Tuseme jirani yako alifungua shupaza 1, mwenzake akajibu 1 bila turufu, jirani akataja kopa 2, na wote wakapita. Wewe una:

Shupaza M G 10 8
Kopa 7 4 2
Uru R 9 5
Pau B 10 3

Bubu amechagua kopa na kuzikataa shupaza. Bila shaka ana shupaza moja au mbili tu. Mwenye mkataba ana shupaza tano zinazohitaji pa kwenda, na wewe umezikalia. Njia yake ni moja: azikatie mezani. Anza kopa 2, na kila ukiingia rudia kopa. Kila turufu inayotoka kwa bubu ni shupaza moja inayobaki mikononi mwako.

Anza turufu pia pale ulipopiga dabo (tamko la mnadani la kuongeza malipo maradufu) ya kumwomba mwenzako ataje rangi, dhidi ya mkataba wa kiwango cha 1, na mwenzako akapita akaiacha ibaki. Kupita huko kunasema "turufu ni zangu", kwa hiyo mnachotaka ni kumaliza vile vijiturufu vya mwenye mkataba kabla hajavikatia. Na pale mnapojua pointi nyingi ziko kwenu, wao wamepanda juu ili kuwazuia, turufu zao ndizo mali yao yote, zipunguzeni.

Usianze turufu kutoka B 7 3 au G 6 2: hapo unamfanyia mwenye mkataba kazi ya kumsaka bibi. Na turufu yako ikiwa moja tu, kuwa mwangalifu, maana mara nyingi inamfichua mwenzako aliyekuwa na B na mbili ndogo.

Hatua ya 3: Rangi za kukwepa, na ile ree

Ree ni ya kumkamata mfalme. Ukiianzisha tupu, bila mfalme wake, wapinzani wanaiwekea karata ndogo mbili na mfalme wao anatawazwa. Kuianza hakukatazwi, lakini uwe na sababu.

Kuanza karata ndogo chini ya ree, dhidi ya mkataba wa turufu, ni hatari zaidi. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa na R B 8 4 ya uru, nikajiona mjanja, nikashusha 4. Bubu akafunua uru tatu ndogo, mwenzangu akaweka ghulamu, mwenye mkataba akala kwa mfalme aliyekuwa pweke. Ree yangu haikula kitu hadi mwisho, kwa kuwa kila uru iliyofuata aliikata. Mwenzangu, mzee mpole, aliniuliza tu, "Ree hii ulikuwa unamwekea nani?" Tangu siku hiyo, nikiamua kuanza rangi yenye ree, naanza ree yenyewe.

Kuanza chini ya mfalme hakuogopeshi kiasi hicho, kama tulivyoona. Ukikosea unapoteza fungu moja. Ukipatia unalifungua moja. Mfalme mwenye karata moja ndogo tu, M 5, mwache. Na rangi aliyoitaja mwenye mkataba mwenyewe haianzwi ila kwa sababu maalumu.

Mwenzako akiwa ametaja rangi mnadani, basi ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Watu huikwepa kwa sababu wanaona mfuatano wao mzuri mahali pengine, halafu wanashangaa mwenzao amekunja uso. Akipiga dabo mkataba wa 6 walioufikia kwa hiari yao, hiyo kwa desturi ni dabo ya Theodore Lightner: anakuomba uanze rangi usiyoitegemea, na mara nyingi ni ile ya kwanza kutajwa na bubu, kwa kuwa anaweza kuikata. Hapo mpango wako wote unauweka chini na kumtii.

Hatua ya 4: Karata ipi katika rangi hiyo

Sehemu hii ni ya makubaliano kati yako na mwenzako, na makubaliano mabovu mnayoyajua wote wawili yanashinda mazuri anayoyajua mmoja. Kuna desturi lakini, na ni vyema uanze nayo.

Kutoka kwenye mfuatano, anza ya juu: mfalme kutoka M B G, bibi kutoka B G 10, ghulamu kutoka G 10 9. Dhidi ya mkataba wa turufu mbili zinazofuatana zinatosha, kwa mfano M B 7 3, kwa sababu fungu la tatu au la nne kuna mtu atakuwa anakata. Kutoka R M wengi siku hizi huanza ree, wengine bado huanza mfalme; ulizaneni kabla ya mchezo. Wapo pia wanaofuata utaratibu wa Sydney Rusinow, ambao huanza ya pili katika mfuatano, yaani bibi kutoka M B. Ni mzuri, ila kwa anayeanza utamvuruga.

Ukianza mfalme kutoka M B 10 na ukala fungu, usirudie kama kasuku. Tazama mwenzako kaweka karata gani. Huenda mwenye mkataba ana R G na ndogo, amejizuia makusudi ili umrudishie rangi hiyo mdomoni. Ni mtego wa zamani, unaitwa kwa jina la mji wa Bath wa Uingereza. Mwenzako akiweka karata kubwa kiasi, anakwambia endelea. Akiweka ndogo kabisa, badilisha.

Kutoka karata mbili, anza ya juu: 8 kutoka 8 3. Kutoka rangi ndefu yenye karata kubwa isiyo ree, anza ya nne kuhesabu kutoka juu. Ndiyo maana ule mkono wa kwanza ulianza pau 2 kutoka M G 6 2, na mwenzako alipoiona 2 alijua huna ya tano. Kutoka tatu zenye karata kubwa, M 7 4, anza ndogo. Kutoka tatu ndogo mabishano hayaishi: wengine ya juu, wengine ya kati, wengine ya chini. Mimi na mwenzangu tunaanza ya chini katika rangi aliyoitaja yeye, ili ajue idadi, na ya juu katika rangi nyingine, ili ajue hakuna kitu. Ndiyo maana nilianza 9 kutoka pau 9 8 4.

Katika rangi ya mwenzako fuata kanuni hizo hizo. Kosa moja la kuacha: kuanza mfalme kutoka M 7 4 eti kwa sababu mwenzako ameitaja rangi hiyo. Ukianza 4, mfalme wako anabaki juu ya bibi wa mwenye mkataba, mahali anapofaa. Ukiwa na R 7 4, hapo ree inatoka, kwa sababu ile tuliyokwisha kuisema.

Hatua ya 5: Namna ya kuishusha

Katika mashindano karata ya kwanza huwekwa mezani ikiwa imefunikwa. Unaiweka, mwenzako anapewa nafasi ya kuuliza maana ya mnada, ndipo unaifunua na bubu anatandaza zake. Utaratibu huu unamwokoa aliyeanza bila kuwa zamu yake: ikiwa bado imefunikwa, mwamuzi anaweza kumrudishia mkononi. Ikifunuliwa, mwenye mkataba anapata haki ya kuchagua la kufanya, na kwa kawaida atachagua linalokuumiza.

Wewe mwenyewe uliza maswali yako kabla ya kushusha. Na ukifikiri, fikiri kwa mwendo ule ule kila mara. Barazani tunakonyezana, tunakohoa, tunapiga karata kwa kishindo ili mwenzetu aelewe. Nimecheka sana kwa mambo hayo. Kwenye meza ya briji hiyo ni hila, na mwenzako aliyekuelewa kutokana na kishindo chako anaweza kunyimwa fungu alilolipata.

Bubu akishatandaza, usikimbilie fungu la pili. Linganisha meza na ulichokisia: je, uru zilikuwa ndefu kama ulivyodhani, je, pointi za mwenzako zinabaki zile zile? Ukitaka kujizoeza bila watu watatu wa kukungoja, tovuti ya Bridge Base Online inahifadhi mikono uliyokwisha kucheza. Fungua mmoja ulioanza wewe, funika mikono mingine mitatu kwa kiganja, soma mnada tu, chagua tena. Kisha ondoa kiganja.